Inasemekana Imeanguka

Tangu Jumamosi ile siwezi kukaa kwenye kiti bila kukipapasa kwanza ukingoni. Mama ameniona mara mbili, akaniuliza, "Wewe, unatafuta kunguni?" Nikasema hapana, nikakaa. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiita majina naitikia kwa kunyoosha kidole, na wenzangu wa kidato cha tatu wameshazoea, siku nyingine wananiitikia wao. Ninachoweza ni kuandika kwenye daftari hili la kaunta buku, na leo nataka kumwandika Nesi, maana miaka yote hii nilidhani namjua.

Jina analo, ila mtaani kwetu Kanyenye halitumiki. Wote wanamwita Nesi, hata wazee wenzake, ingawa alistaafu kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Kwao wapi, wazazi wake nani, aliolewa au hakuolewa, sijui na wala sitauliza. Mimi nilimkuta tayari yupo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, amekaa barazani na miwani yake iliyofungwa uzi, na mapajani mwake mguu wa kiti uliofungwa bendeji.

Ndiyo, bendeji. Nesi anatibu viti na meza.

Wageni humwita fundi, na hapo ndipo wanapokosea. "Mimi si fundi," anawaambia. "Fundi anatengeneza. Mimi natibu, tena vidonda vidogo. Mguu ukikatika wote mpelekee seremala, usiniletee maiti." Anachopokea ni mikwaruzo, alama nyeupe za kikombe cha moto, palipobonyea, palipomeguka, na vile vitundu vya wadudu wanaoacha unga chini ya kabati. Vitundu anavipiga sindano ya dawa. Kiti kikilegea, anavuta gundi nyeupe kwenye bomba la sindano, anaisukuma kwenye maungio taratibu, anafunga bendeji, halafu anaandika juu yake kwa kalamu: kisikaliwe siku mbili. Mkwaruzo mwembamba anausugua kwa karanga mbichi mpaka mafuta yaingie. Palipobonyea anaweka kitambaa kibichi, anapitisha pasi ya mkaa, na mbao inakunywa ule mvuke na kuvimba mpaka inarudi sawa. Nilipoona hivyo mara ya kwanza, nikiwa mdogo, nilikimbia nyumbani kumwambia Bibi kwamba Nesi anafufua mbao.

Palipomeguka kabisa, hapo ni nta. Ni nta ya huku huku kwetu, analetewa na warina asali. Anaiyeyusha kwenye kopo la maziwa, anatia unga wa mbao ya mninga anaouomba kwa maseremala, anakoroga mpaka rangi ifanane na mgonjwa mwenyewe. Anaziba kwa mpini wa kijiko, anasubiri ipoe, anakwangua, anapiga msasa laini, anasugua kwa soksi kuukuu. Kisha anakuita.

"Fumba macho. Papasa. Kidonda kiko wapi?"

Unapapasa huku na huku. Hukipati.

"Basi amepona," anasema. Ni hapo tu ndipo utamwona akicheka, tena kwa upande mmoja wa mdomo.

Kila mgonjwa ana kadi. Huu si utani, zipo ndani ya boksi la viatu, zimepangwa. Hata kama uko peke yako barazani atakuonyesha kiti na kukuambia ukae kwenye foleni, halafu atakuita kwa sauti kama kuna watu hamsini nyuma yako. Nakumbuka siku mama muuza karanga alipoleta meza yake.

"Jina la mgonjwa?"

"Nesi jamani, si unaiona? Meza."

"Umri?"

"Ee! Meza ina umri?"

"Uliinunua kabla ya mtoto wa kwanza au baada?"

"Baada ya wa pili."

"Ameumiaje?"

"Kikombe cha chai. Ni yule shemeji yangu, nimemwambia weka kwenye kisosi, weka kwenye kisosi, lakini yule mtu masikio yake…"

"Sikuuliza nani. Nimeuliza vipi."

Hilo alikuwa akilisema kila siku, na mimi nililipenda sana. Niliwahi kuliandika kwenye jalada la ndani la daftari langu. Katika mtaa ambao kila mtu anataka kujua nani, nani, nani, kulikuwa na mtu mmoja asiyetaka kujua. Mimi ambaye nikiulizwa jambo mbele ya watu najisikia kama navuliwa nguo, kwake nilipumua. Nilikuwa nikikaa barazani kwake saa nzima bila yeye kuniuliza kwa nini siongei. Mara moja tu alisema, "Wewe mjukuu ungekuwa muuguzi mzuri. Muuguzi anaona na kunyamaza."

Nilifurahi wiki nzima.

Vituko vyake ni vingi. Nyumbani kwake hakuna hata kiti kimoja cha mbao. Vyote ni vya plastiki, kimoja kimepasuka mgongoni na akakishona kwa waya. Nilipomuuliza, akasema, "Nikirudi ndani nataka kupumzika. Plastiki haina cha kunieleza." Ni mkali kwa watoto wanaokalia mikono ya viti, lakini usiku wa Krismasi huwagawia kashata watoto hao hao. Hapendi kusifiwa, ila usipompapasa mgonjwa wake kwa muda wa kutosha ananuna.

Halafu kuna ile ya katekista. Huyo alipeleka meza yenye shimo, mtu alikuwa amedondosha shoka juu yake, na Nesi akaiziba kwa nta ikawa kama mpya. Akamwonya: "Baba, nta haiponyeshi, inafunika tu. Usiweke kitu cha moto hapa, itafunguka." Katekista akaitikia vizuri. Mwezi huo huo akapata wageni wa heshima kutoka jimboni, na kwa furaha akatua birika la chai palepale. Alipotaka kummiminia mgeni, birika likanyanyuka na kipande cha meza. Yaani nta yote ilikuwa imeng'ang'ania chini ya birika kama kisigino, na shimo likawa linawatazama wageni. Mtaa mzima ulicheka. Nami nilicheka, sikujua kwamba siku moja nitaiona tena ile nta ikiyeyuka, na sitacheka.

Na kuna la sanduku, hili sikulielewa wakati ule. Mzee mmoja wa familia za zamani za mjini, wale ambao babu zao walifika wakati wa misafara, alileta sanduku kubwa lenye misumari ya shaba. Alijivuna nalo. Alisema lilitoka pwani hadi hapa juu ya kichwa cha mtu, miezi mitatu ya kutembea.

"Huyo mtu jina lake nani?" Nesi akauliza.

Mzee akashangaa. Na mimi nikashangaa, maana Nesi haulizi nani. "Nitajuaje mimi? Mpagazi. Walikuwa wengi."

Nesi akaandika kwenye kadi: mbebaji hajulikani. Akaziba mikwaruzo yote, akang'arisha misumari, lakini chini ya sanduku palikuwa na bonde, mbao imelika kwa kusuguana na kichwa au bega, laini kama sabuni iliyotumika. Hapo hakugusa. Mzee akalalamika kwamba kazi haijaisha.

"Hapo si pa kuziba," Nesi akamjibu. "Hapo ndipo alipokuwa mtu."

Wakabishana mpaka mzee akachukua sanduku lake akaondoka amekasirika. Kwa hiyo Nesi alikuwa anajua. Hilo ndilo linalonitoa usingizini. Alijua kwamba viko vidonda vya kuziba na viko vya kuacha wazi. Sasa niandike habari ya stuli.

Stuli ni ya Mama Mdogo, mdogo wake mama yangu. Ni ya mninga, nzito, kikalio cha duara. Bibi alimpa siku anaolewa, akamwambia mwanamke asikose pa kukaa kwake. Mama Mdogo anaishi Mtendeni, nami nikitoka shule napita karibu. Kama miaka miwili iliyopita alinisimamisha mlangoni akanipa stuli imefungwa kwenye khanga. "Mpelekee Nesi. Mwambie imeanguka." Nikaipeleka. Nikasema imeanguka. Ukingo ulikuwa umemeguka kidogo. Nesi akaandika kadi, akaziba, nikapapasa, sikuona kidonda, nikairudisha.

Daftari langu linasema nilienda tena baada ya miezi mitano. Imeanguka. Halafu tena. Hiyo ya tatu niliandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Leo Nesi kakaa na stuli muda mrefu bila kusema. Katumia kibano, katoa kitu kwenye ufa, nadhani uzi mweusi, kaweka kwenye kibahasha cha dawa. Nimeuliza ni nini, kasema uchafu." Ya nne. Ya tano. Siku ile ya tatu Mama Mdogo alikuwa amefunga kilemba mpaka kwenye nyusi, na ilikuwa saa nane mchana, jua la Oktoba, joto la kukausha mate. Niliona. Nataka niwe mkweli humu kwa sababu hakuna anayesoma: niliona, nikageuza macho, nikabeba stuli.

Baba Mdogo sasa, mume wake. Mtu mpole. Anaimba besi kwenye kwaya, akija kwa Bibi hakosi kilo ya sukari, akinikuta njiani hunisalimia mimi kwanza kabla sijamwamkia. "Mwanangu, masomo? Kalamu zipo?" Sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Nikifikiria watu wazima ninaowapenda, nilikuwa namhesabu.

Jumatatu ya wiki ile Mama Mdogo alikuja kwa Bibi mkono umening'inizwa kwa khanga. Alisema kateleza bafuni. Akakaa Jumanne, Jumatano, Alhamisi, harudi kwake. Ikaamuliwa kufanyike kikao Jumamosi, Baba Mdogo aje na kaka yake, Mjomba atoke Nzega kuongoza, yazungumzwe yaishe, mke arudi nyumbani. Ijumaa natoka shule, Baba Mdogo mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Ana stuli mkononi.

"Mwanangu, mpelekee Nesi hii. Imeanguka. Nataka mama yako mdogo akirudi kesho aikute nzuri."

Nilipeleka kwa furaha. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa furaha. Nilifikiri, ona mume anavyojali. Na nikamwambia Nesi yote, kikao, saa nne, kwamba Mama Mdogo anarudi kwake, kwamba Baba Mdogo ndiye aliyeituma stuli. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Nesi akaigeuza. Mguu mmoja ulikuwa umelegea na ukingo umemeguka pengine papya. Akavua miwani.

"Ameituma yeye?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wake?"

"Ndiyo, Nesi."

Hakuandika kadi. Hakuniambia nisubiri. Akasema, "Nenda nyumbani," akaingia ndani na stuli, kwenye viti vyake vya plastiki.

Jumamosi sebule ya Bibi ilijaa. Mjomba kwenye kochi, Baba Mdogo na kaka yake kando ya mlango, Bibi, Mama na Mama Mdogo kwenye mkeka. Mimi nilikuwa napitisha chai. Baba Mdogo alizungumza vizuri mno. Alisema ni kukwaruzana kwa kawaida, nyumba ipi haina, kama amekosea anaomba radhi mbele ya wazee.

Mjomba akamgeukia Mama Mdogo. "Na huo mkono?"

"Niliteleza bafuni, kaka."

"Amekusukuma mtu?"

"Niliteleza."

Mjomba akashusha pumzi, ilionekana amefarijika. "Basi hapa hakuna neno kubwa. Mnywe chai, mkimaliza mtaondoka pamoja."

Mama Mdogo akaangalia mkeka. Na hapo mlangoni ikasikika hodi.

Alikuwa Nesi. Mkono wa kushoto kabeba stuli, wa kulia kabeba pasi ya mkaa inafuka moshi. Amevaa gauni lake jeupe la zamani, lile la kazini, limebana mabegani.

"Karibu Nesi," Mjomba akasema, "lakini samahani mama, hiki ni kikao cha ukoo."

"Najua, baba. Sikai. Nimemleta mgonjwa."

Baba Mdogo akatabasamu. "Aa, umeshaimaliza? Ahsante sana, Nesi. Nilitaka mwenzangu aikute nzuri."

"Nzuri iko. Subiri uione."

Akatandika gazeti katikati ya sebule, akaweka stuli juu yake. Akapuliza makaa. Kisha akaipitisha pasi ukingoni mwa kile kikalio, haigusi, imebaki nafasi ya kidole. Hakuna aliyejua anafanya nini ila mimi. Nilikumbuka birika la katekista, na sinia likanilemea mkononi.

Kwanza nta ilitoka jasho. Halafu ikaanza kushuka, ya kahawia, kama uji mzito. Sebule ikanukia asali. Sitasahau hilo, kwamba ilinukia vizuri. Ukafunguka mmeguko mmoja. Akasogeza pasi. Wa pili. Stuli ile ile niliyokuwa naipapasa nikiwa nimefumba macho nikisema sioni kitu, ikawa inafunguka vidonda mbele yangu, kimoja baada ya kingine, mduara mzima. Vitano. Na cha sita ambacho hakuwa amekiziba.

"Mayo!" Bibi akasema polepole, mama kwa kilugha chetu.

"Mjukuu," Nesi akaniita bila kugeuka. "Hii umeniletea mara ngapi?"

Watu wote wakanitazama. Nilitaka sakafu inimeze. Nilimwona Mama Mdogo akinitikisia kichwa, kidogo tu, nisiseme.

"Mara sita."

Sauti ilitoka kubwa, sijui ilikuwa inakaa wapi siku zote. Vikombe vikagongana kwenye sinia.

"Ukaniambia ina nini?"

"Imeanguka."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Baba," Nesi akamwambia Mjomba, "njoo uweke kidole hapa. Usiogope, imeshapoa. Humo ndani kuna rangi. Rangi gani?"

Mjomba akainama. Akakwangua kwa ukucha, akatazama. "Kijani."

"Kitu kikianguka kinagonga sakafu. Sakafu gani hapa Tabora imepakwa rangi ya kijani?"

Mimi nilijua. Sisi wote tuliowahi kuingia chumbani kwa Mama Mdogo tulijua. Kuta zake ni za kijani, rangi ya mafuta, Baba Mdogo alizipaka mwenyewe kabla ya harusi.

Ndipo Baba Mdogo akasema, kwa ile sauti yake ya upole isiyopanda wala kushuka, "Nesi, unaniharibia stuli yangu."

Kati ya yote yaliyokuwa yamefunguka pale, yeye aliona stuli.

"Yako?" Bibi akainuka. Bibi ana miguu mibaya, huinuliwa na watu wawili, lakini aliinuka peke yake. "Nilimpa mwanangu, kwenye mlango huo huo uliokaa kando yake. Yako tangu lini?"

Mama Mdogo akasogea kwa magoti mpaka kwenye gazeti. Sote tulidhani atalia. Hakulia. Akaweka kidole kwenye kidonda kimoja, akasema kana kwamba anasoma orodha ya vitu vya sokoni, "Hii ni ya chumvi kuzidi." Akasogeza kidole. "Hii ya simu ya dada." Mama akaziba mdomo, maana dada ni yeye. "Hii nilichelewa kutoka kilioni. Hii sijui, sikuambiwa." Akasita kwenye kingine, chenye ufa mrefu. "Hii ndiyo ilinipata." Akavua kilemba. Kwenye ukingo wa nywele palikuwa na kovu lililopinda, na hata mimi niliye mbali niliona limepinda kama duara la kikalio.

Kaka yake Baba Mdogo akasimama. Hakumtazama ndugu yake. Alimwambia tu, "Vaa viatu." Wakatoka. Chai yao ilibaki na utando juu. Mjomba hakutangaza uamuzi wowote, hakukuwa na haja. Alikuwa bado anatazama ule ukucha wake wenye rangi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Nesi alipoinama kuchukua pasi yake, Mama, ambaye hana tabia ya kumsema mtu, alimwambia, "Na wewe Nesi, mara tano, ulikuwa unaziba?"

Nesi alisimama na ile pasi. Nilingoja aseme kitu. Ni mtu mwenye jibu kwa kila mtu, amemjibu katekista, amemjibu mzee wa sanduku. Akatoka, gauni lake jeupe limechafuka majivu kifuani, akasahau stuli. Baadaye Mjomba alimrudishia, kwa sababu mguu ulikuwa umelegea na hakuna mtu aliyetaka kuiona ndani.

Siku kumi na nne sikupita barazani kwake. Nilizunguka kwa nyuma ili nisimwone. Nilimchukia Baba Mdogo, bila shaka, lakini hiyo ilikuwa chuki rahisi. Ya Nesi ilinichanganya. Na ndani yake nilijua nimo na mimi, mchukuzi wa stuli. Nilifuta yale maneno ya jalada la ndani, "sikuuliza nani", nikayafuta kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka.

Jana Mama Mdogo, ambaye sasa analala chumba kimoja na Bibi na ameanza kula vizuri, aliniambia, "Kaniletee stuli yangu. Mwambie asinizibie." Ikabidi niende.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mjukuu."

Hakuuliza kwa nini nilipotea. Barazani alikuwepo mwanamke simfahamu, ana kiti cha mtoto kilichomeguka mgongoni.

"Ameumiaje?" Nesi aliuliza.

"Kimeanguka."

"Nani alikiangusha?"

Yule mwanamke akashtuka. "Si kimeanguka tu, mama."

"Nani alikuwepo kikianguka? Mtoto yuko wapi sasa hivi? Nataka nimwone mtoto kwanza."

Mwanamke akachukua kiti chake, akaondoka akinung'unika kwamba bibi huyu siku hizi kaingiliwa na nini. Nesi alimfuata kwa macho mpaka kona. "Wa nne wiki hii," alisema. "Wawili walikuwa kweli wameangusha tu, wamenichukia bure. Wa tatu karudi jioni peke yake, bila kiti."

Akaingia ndani akanitolea stuli. Vidonda vyote vilikuwa wazi, amevisafisha tu, lakini ilisimama imara. "Nimetia gundi mguu," alisema. "Mtu lazima akae. Kwingine sijagusa."

Kisha akanipa kadi. Nimeiweka humu kwenye daftari. Ina mistari sita kwa mwandiko wake ule wa wodini, uliosimama wima. Wa kwanza: imeanguka. Wa pili: imeanguka. Wa tatu: inasemekana imeanguka. Wa nne: inasemekana imeanguka. Wa tano: inasemekana imeanguka. Wa sita: imetupwa. Nyuma amebandika kibahasha kile cha dawa. Sikukifungua. Ukikishika unahisi kuna kitu chepesi, kama unywele uliosukwa.

"Kwa hiyo ya tatu," nilisema. "Ya tatu ulishajua."

"Ya tatu nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena. "Miaka yangu yote kazini siri ya mgonjwa ilikuwa haitoki wodini. Nikajiambia hii nayo ni siri ya mgonjwa." Akaiangalia stuli. "Mgonjwa hakuwa stuli."

Nikaibeba. Nilipofika kwenye ngazi akaniita.

"Mjukuu. Wewe unaandika, nakuona. Mimi utaniandika?"

"Nitakuandika."

"Utaandika nilivyoleta pasi?"

"Ndiyo."

"Andika na zile tatu nilizoziba nikijua."

Nimekaa juu ya stuli hapa ukumbini kwa Bibi, haiyumbi. Mama Mdogo anakoroga uji jikoni, nasikia mwiko. Mkono wangu wa kushoto uko ukingoni, sijafumba macho. Nimeziandika: ya tatu, ya nne, na ya tano.